Shefu Aliyetaka Tuandike kwa Mkono Mmoja

Mtu wa kwanza kunirudishia kazi isiyo na kosa alikuwa Shefu. Programu ilikuwa inafanya kazi. Nilikuwa nimeijaribu mara tatu, ikatoa majibu yote sawasawa, nami nikampelekea karatasi zake huku uso wangu ukingoja pongezi. Alizisoma amesimama, miwani imeshuka hadi nchani mwa pua, kisha akanirudishia.

"Inatembea," akasema.

"Ndiyo, Chef."

"Inatembea kama mulevi. Inafika ku nyumba, lakini bantu bote banaangalia. Rudia."

Nilikwenda chooni nikalia kidogo, nikarudi, nikaanza upya. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, nimetoka shule na diploma yangu, na nilijiona mtu. Sikujua bado kwamba kwa Shefu kufanya kazi lilikuwa jambo dogo kuliko yote ambayo programu ilitakiwa kufanya.

Sijui alizaliwa mwaka gani, na habari za ukoo wake nilizisikia kwenye misiba tu, juu juu. Ninayemjua mimi ni yule wa chumba cha kompyuta cha kampuni ya malori na maghala hapa Lubumbashi, kampuni ambayo leo haipo hata kibao chake. Chumba chetu ndicho pekee kilichokuwa na hewa baridi jengo zima, kwa sababu ya mashine, na mwezi wa kumi joto likikaza, watu wa ofisi nyingine walikuwa wakizua kila sababu ya kuja kutusalimia. Tulikuwa kumi na mmoja. Shefu alimjua kila mmoja kwa namna alivyoandika, na alikuwa ameamua kuiondoa namna hiyo mpaka isibaki.

Nieleze kidogo, maana si kila mtu amefanya kazi hii. Programu ni maagizo unayoiandikia kompyuta, mstari kwa mstari. Kompyuta haijali uandishi wako. Ukiandika vitu vimebanana, ukaviita vitu kwa herufi mojamoja, ukaruka huku na kule, yenyewe itatii tu. Anayepata taabu ni mwanadamu anayekuja baadaye kusoma. Kwa hiyo Shefu alikuwa na sheria zake. Kila kitu kiitwe kwa neno kamili la Kifaransa. Mistari ya ndani isogezwe nafasi nne, si tatu wala si tano. Sehemu moja isizidi ukurasa mmoja. Juu ya kila sehemu iwekwe sentensi moja inayosema sehemu hiyo inafanya nini. Na jina la mwandishi lisiwepo popote.

Chanzo chake tulikijua, maana alitusimulia mara nyingi, kila mara kwa hasira mpya. Kabla yetu kulikuwa na fundi mzungu aliyeandika programu zote za kampuni, akaziandika kwa namna anayoielewa yeye peke yake. Siku moja alikosana na wakubwa, akapanda ndege yake kwenye uwanja wa Luano, akaenda zake. Programu zikabaki kama nyumba iliyofungwa ambayo funguo zake ziko Ulaya. Shefu, wakati huo kijana, alikaa miezi minane akizisoma neno kwa neno, na mara mbili kampuni ililazimika kumwandikia yule bwana barua ya kumbembeleza. "Mara mbili tulimupigia magoti," alikuwa akisema. "Muntu mumoja, na sisi bote chini." Aliapa kwamba hakuna mtu tena atakayeishika kampuni shingoni kwa kuandika vitu visivyosomeka.

Sasa, sheria bila polisi ni maneno. Kwanza alikuwa polisi mwenyewe, na kalamu nyekundu. Tukagombana naye, tukamwambia ana upendeleo, kwamba Kasongo anaachiwa na sisi tunabanwa. Maneno hayo yalimuuma sana, maana alikuwa mtu wa haki. Jumapili baada ya Jumapili, akitoka misa, alikuja ofisini peke yake akaandika programu ya kusoma programu zetu. Ilikuwa haiangalii kama kazi yako inatoa majibu sahihi. Ilikuwa inaangalia umeiandikaje. Ukikosea nafasi nne, inakataa. Jina halieleweki, inakataa. Na kazi iliyokataliwa haikuweza kabisa kuingia kwenye mashine, hata ukimlilia nani.

Tuliiita Mama Mukwe, kwa sababu haijalishi umepika nini, atakuambia ulivyoshika mwiko. Wanaume ndio waliolipenda jina hilo zaidi. Kasongo, huyo huyo wa upendeleo, alikuwa na mchumba anaitwa Béatrice, na kwa mahaba yake katika programu yake akakipa jina hilo kihesabio kimoja cha magunia. Mama Mukwe akatoa karatasi: jina halina maana. Wiki nzima tulimwambia Kasongo kwamba harusi imekataliwa na upande wa mama. Shefu alicheka mpaka akavua miwani, lakini Béatrice hakuingia.

Na haki yake ilikuwa haki kweli. Aliyekataliwa mara nyingi zaidi kwa juma, jina lake lilibandikwa ukutani. Juma moja jina lililobandikwa lilikuwa la Shefu mwenyewe. Alilibandika kwa mkono wake, akarudi mezani, akarekebisha. Mimi ningeifundisha mashine inisamehe kidogo. Yeye hakufikiria hata hilo.

Mtu huyu ungemdhani nyumbani kwake hata vijiko vimepangwa kwa urefu. Siku tulipokwenda kwake, mtaa wa Kamalondo, kumpa pole, mkewe akiwa ametoka hospitalini, tulikuta nyumba ambayo huwezi kujua upite wapi ufike kwenye kiti. Magazeti, redio tatu zilizofunguliwa tumbo, kuku ndani. Shefu alivaa kiatu kimoja cheusi na kingine cha kahawia, na hakujua. Mkewe alituambia akicheka huku ameshika mbavu: "Kule ku kazi munamuogopaka? Hapa hata kikombe harudishaka fasi yake." Hati ya mkono wake pia ilikuwa haisomeki. Tulipeana karatasi zake tukibahatisha, na nafikiri ndiyo maana alipenda sana mashine iandike.

Misemo yake ilikuwa michache na aliirudia mpaka tukaichoka. "Andikia muntu mwenye hakujui." Hiyo ndiyo aliyoipenda. Nyingine aliitumia mtu akijitetea kwamba kazi yake anaielewa vizuri: "Weye hauko hapa. Weye ulisha kufa. Sasa nielezee." Alikuwa akiyasema hayo kwa upole, akinywa chai yake, na hakuna aliyeona ubaya.

Aliyempinga waziwazi alikuwa Ngalula. Huyu alikaa meza ya pili kutoka yangu kwa miaka saba, na katika maisha yangu sijapata tena rafiki kama yeye. Alikuwa mkali, mwepesi, mwenye akili kutuzidi sote, na programu yake ndiyo iliyokuwa moyo wa kampuni: ilijua kila lori liko wapi, limebeba nini, liko njia ya Kilwa, ile ya ziwa Mweru, au ya mpakani, na ghala gani linangoja. Kabla ya Mama Mukwe, maandishi ya Ngalula ungeyatambua gizani. Alikuwa na njia za mkato ambazo mtu anazisoma anatikisa kichwa, na pembeni aliandika utani kwa Kiluba cha kwao, Kasai. Mama Mukwe aliukataa utani wote, na njia za mkato pia.

"Chef," Ngalula alimwambia siku moja mbele yetu sote, "kama yote inafanana, mi niko wapi mule ndani?"

"Weye uko ku nyumba, mama. Unapumuzika. Kazi njo inabakia hapa."

Tukaona ni jibu zuri. Na lilikuwa zuri. Ngalula alipojifungua mtoto wake wa kwanza alikaa nyumbani miezi mitatu kamili, na hakuna dereva wala msimamizi wa ghala aliyekwenda kumgongea mlango. Mimi nilishika kazi yake kwa sababu niliisoma kama yangu. Kwenye ofisi nyingine niliona wanawake wakiitwa kazini na mtoto wa siku kumi mgongoni, kwa kuwa wao tu ndio waliojua faili iko wapi. Ngalula mwenyewe aliporudi alikiri. Alimletea Shefu kuku, akamwambia Mama Mukwe amempa likizo ambayo mama mkwe wake wa kweli hakumpa. Niliwaona wakicheka pamoja, nikafikiri tumefika.

Halafu ikaja miaka ile. Pesa ikawa inaoza mfukoni, askari wakapora maduka, na redioni na mikutanoni watu wakubwa wakaanza kusema kwamba wenye asili ya Kasai ni wageni katika mji huu, warudi kwao. Kwao wapi, wengi walikuwa hawajui. Ngalula alizaliwa Katuba, mtaa wa hapa hapa mjini. Vijana walianza kupita mitaani wakiimba, kisha wakapita na mawe, kisha na petroli. Kwenye geti la kampuni walikuja kuuliza kwa nini wageni bado wanakula hapa. Mimi kwetu ni kaskazini mwa Katanga, jimbo hili hili, hakuna aliyenigusa, na nitasema ukweli: nilipokuwa naulizwa barabarani kabila langu, nilijibu haraka sana.

Siku moja mkurugenzi alishuka chumbani kwetu na wazee wawili wa utawala. Hakuwa na kawaida ya kushuka. Ngalula alikuwa ghalani asubuhi hiyo. Mkurugenzi alisifu hewa baridi, akazungukazunguka, kisha akamwuliza Shefu kwa Kifaransa, kwa sauti ya kawaida kabisa: ikitokea baadhi ya watu hapa wakaondoka, ghafla, tuseme kesho, je, kazi itasimama?

Nilikuwa hatua nne kutoka kwao. Nilimwona Shefu akinyooka. Uso wake ulifunguka kama wa bwana harusi. Alimwambia mkurugenzi kwamba hapana, katika chumba hiki hakuna mtu hata mmoja ambaye akiondoka kazi itasimama, hata yeye mwenyewe. Akaeleza sheria zote, nafasi nne, majina kamili, sentensi juu ya kila sehemu. Akaeleza namna mashine inavyokataa bila kujali sura ya mtu. Alizungumza dakika nyingi, mikono ikichora hewani, na wale wazee walisikiliza kwa heshima. Mkurugenzi akauliza kama inawezekana kuona mfano.

"Mama, kuya," Shefu akaniita. "Fungula ya Ngalula. Usomee bakubwa."

Nikaifungua. Niliisoma kwa robo saa, sehemu kwa sehemu, nikieleza hili linafanya nini na lile linakwenda wapi, bila kukwama mahali popote. Nilisoma vizuri. Nilitaka Shefu aone fahari, naye aliona. Mkurugenzi alisema ni jambo la ajabu kweli, akatushukuru kwa mikono miwili, akapanda juu.

Siku tatu baadaye karatasi ya kuachisha watu kazi ililetwa. Majina manne kutoka chumba chetu, yote ya Kasai, la Ngalula likiwa la kwanza. Kampuni haikuweza tena kuwalinda, ndivyo ilivyoandikwa.

Kulikuwa na mtu mwingine wa Kasai pale kwenye kampuni, fundi wa jenereta. Mzee huyu alikuwa kinyume cha Shefu kwa kila kitu. Nyaya zake zote rangi moja, hakuna mchoro, hakuna daftari, na ukimwuliza swali anakugeuzia mgongo. Kila kitu kilikuwa kichwani mwake na alikiweka huko makusudi. Jina lake halikuwa kwenye karatasi yoyote. Kampuni ilimhamishia ndani ya ua, ikampa nyumba na walinzi wawili, na wakati wote wa mambo yale mabaya alikuwa anakula na kulala salama, kwa sababu bila yeye taa hazingewaka. Kila asubuhi Shefu alilazimika kupita mbele ya nyumba ile.

Shefu alipanda kwa mkurugenzi siku hiyo hiyo ya majina. Alishuka baada ya muda mfupi, akakaa mezani kwake, akaniambia bila kunitazama: "Nilimuambia nilidanganya. Nilimuambia bila bale bantu mashine itasimama. Akaniambia, lakini tulisikia yule mama wa hapa kwenu anasoma."

Ngalula na mumewe na watoto wawili walikwenda kungoja treni ya Kasai kituoni, na maelfu ya wengine, nje, chini ya maturubai, pamoja na milango na madirisha waliyoyang'oa kwenye nyumba zao ili wasiyaache. Treni ilikuwa haiji. Majuma yalipita. Shefu alikuwa akienda huko kila siku baada ya kazi na unga wa bukari, yaani wa ugali, na dumu la maji, na Ngalula alipokea na kugeuza uso. Nami nilikwenda. Alinikaribisha kwenye mlango uliolazwa chini, tukaukalia kama mkeka.

"Baliniambia weye njo ulisoma."

"Ndiyo."

"Ulikwama fasi moja?"

Ningeweza kusema nilikwama. Sijui kwa nini sikusema. Pengine kwa sababu miaka saba hatukuwahi kudanganyana juu ya kazi. "Hapana," nikamwambia.

Akampepea mtoto mdogo. "Kusoma si kitu," akasema. "Kusoma, hata Mama Mukwe anasoma. Tutaona kazi ikianza. Lori ikipotea, banaona. Batakuja kunitafuta hapa."

Alikuwa anaamini hivyo. Alikaa kituoni pale akingoja lori lipotee. Na mimi nilipoketi mahali pake Jumatatu nilingoja vivyo hivyo, nilisali kabisa, kwa jina la Bikira Maria, programu ikwame, malori ya Kilwa yapotee na samaki wake wote. Hayakupotea. Kila kitu kilikuwa mahali ambapo ningekiweka mimi. Samaki walifika, unga ukafika, msimamizi wa ghala hakujua hata kama mtu amebadilika.

Asubuhi moja nilimkuta Shefu ameketi mezani kwa Ngalula, programu imefunguliwa mbele yake. Nilielewa mara moja. Alikuja kuiharibu. Alikuwa mtu pekee ambaye Mama Mukwe angempisha kama angetaka, kwa kuwa ndiye aliyemzaa. Angechanganya majina, angefuta zile sentensi, angepindua mistari kumi tu, na siku ya pili kampuni nzima ingeshika kichwa na kwenda kituoni mbio. Nilikaa mbali nikajifanya nina kazi. Nilimngoja saa nzima, saa mbili. Alinyoosha vidole, akavirudisha. Karibu na saa sita nilimwona akigusa kitufe. Kisha akasimama akatoka. Nilikwenda kuangalia. Kulikuwa na mstari mmoja ambao mimi, kwa haraka, nilikuwa nimeusogeza nafasi tatu. Alikuwa ameongeza ya nne.

Siku ile nilimchukia. Nasema wazi, nilimchukia kuliko mkurugenzi, kuliko vijana wa petroli. Sijui kama nilikuwa na haki, maana nami nilikuwa na vidole na sikuigusa.

Mtoto mdogo wa Ngalula alikufa kituoni kwa kuhara, kabla treni haijapatikana. Alikuwa msichana, na siku ya maziko yake Shefu alisimama nyuma kabisa ya watu, viatu viwili tofauti. Treni ilikuja siku chache baadaye, Ngalula akaondoka. Hakutuaga.

Kampuni nayo haikudumu. Mkurugenzi alipanda ndege, maghala yakaporwa, malori yakauzwa vipande, na mwisho hewa baridi ikazimika na mashine zikafa kwa joto. Fundi wa jenereta ndiye wa mwisho aliyeendelea kulipwa. Shefu alifunga mlango wa chumba akampa mlinzi ufunguo, na kila mmoja akaenda kutafuta namna ya kuishi. Kwa miaka mingi nilimwona kwa mbali tu, kanisani, na nilihakikisha ninatokea mlango mwingine.

Nilikwenda kumtembelea mwaka juzi, baada ya kusikia kwamba macho yanamwisha. Alikuwa amehamia Kasungami, pembeni mwa mji, kwa binti yake, ana shamba dogo la mahindi na viazi vitamu. Mkewe amekwisha kufariki. Nilimkuta ameketi kwenye kiti cha plastiki akimenya karanga, akanitambua kwa sauti.

"Mama, karibu. Unaisha kukomaa sasa, sauti inaniambia."

"Nilikomaa zamani, papa."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita papa, yaani baba. Tulizungumza habari za watoto na za bei ya mbolea. Nilimweleza kwamba bado nafanya kazi ile ile, nawafundisha vijana katika ofisi ndogo mjini, na kwamba siku hizi kina Mama Mukwe wamejaa, wanakuja na kompyuta, bure. Huhitaji hata kukataliwa. Ukihifadhi kazi tu, mistari inajipanga yenyewe. Alitaka nirudie hapo.

"Inajipanga yenyewe? Bila kugombana na muntu?"

"Bila kugombana, papa. Vijana hawajui hata kama kuna sheria."

Alitikisa kichwa muda mrefu. Sikujua kama ni furaha. Kisha akamwita binti yake amletee bahasha iliyokuwa ndani ya Biblia, akanipa. "Soma," akasema. "Mi sioni tena."

Ilikuwa barua ya Ngalula. Ilikuja na mfanyabiashara mmoja kutoka Mwene-Ditu, huko Kasai, ambako anafundisha hesabu kwenye shule ya masista. Aliandika kwamba mumewe yu hai, mwanawe mkubwa ameoa, na kwamba hana kinyongo tena, amechoka kukibeba. Alikuwa na swali moja tu. Alitaka kujua, baada ya yeye kuondoka, programu yake ilikuwaje. Je, ilisimama? Je, walimtafuta? Aliandika kwamba kila mwaka, siku aliyokufa mtoto, anajiuliza kama angevumilia siku chache zaidi kabla ya kupanda treni, labda wangekuja.

Nilimaliza kusoma kwa shida. Ndipo nikamwuliza lile ambalo nilikuwa nimelikimbia mlangoni mwa kanisa miaka yote. Nilimwuliza kama siku ile, mkurugenzi aliposhuka, alielewa anaulizwa nini. Miaka yote nilikuwa nimemtetea, hata mbele ya nafsi yangu, kwamba hakuelewa.

Aliendelea kumenya karanga. "Ku mwanzo, hapana," akasema. "Ku mwanzo nilikuwa tu na furaha. Miaka kumi nilingojaka muntu aniulize ile maulizo. Kumi, mama. Halafu katikati, nikiwa naeleza ile ya majina, niliona uso ya yule muzee wa pembeni. Nikajua."

"Na ukaendelea."

"Nilikuwa katikati. Ilikuwa inatoka muzuri. Nikamaliza." Akapapasa mpaka akapata kikombe, akanywa. "Halafu nikakuita weye."

Nilimwonea huruma na sikumsamehe, vyote kwa pamoja, na sikujisamehe mimi pia. Kuku walikuwa wanakula maganda miguuni kwetu.

"Ulimjibu?" nikamwuliza mwishowe.

"Huyu mutoto wangu aliniandikia majibu. Nilimuambia ilisimama."

"Papa, haikusimama."

"Mi nilikuwa pale, mama. Najua." Alinielekezea macho yake ambayo hayakuwa yananiona. "Nilimuambia hakuna muntu aliweza kusoma. Nilimuambia tulienda kumutafuta ku gare, tukakuta treni ilisha kwenda ile asubuhi. Naye atakuandikia weye pia, yule mwenye alileta barua aliniulizia fasi unakaa, nikamupa. Umujibu vile vile."

Nilitazama barua mkononi mwangu. Nikamwuliza ilisimama siku ngapi.

"Tatu," akasema. "Mi nilisema tatu. Usibadilishe."